Sauti ya Pangoni

"Mpa mzimu sauti hachagui neno." Mmeisikia asubuhi, mkacheka, na sasa mnataka kujua ilikotoka. Sogeeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Huko milimani, katika kijiji cha Mkomba, ukuta wa bwawa ulipasuka, maji yakaenda zake. Desturi ilitaka ukoo wa chini uanze kupiga jembe, koo nyingine zifuate. Basi kila ukoo ukakaa kumngoja mwenzake, heshima zimewavimba kama majipu. Watoto wakawa wanakunywa tope pamoja na mbuzi.

Bibi Nakijwa aliwasihi wazee. Mkuu wao, Mzee Senkondo, akamjibu, "Mama, nenda kageuze ugali."

Bibi hakubishana. Siku ya tambiko, jua likiwa la utosi, wazee walipofika kumwaga pombe kwenye pango la mababu, yeye alikwisha kujibanza ndani, mdomo kwenye mtungi mtupu.

"Jengeni," aliunguruma. "Wote. Leo."

Wenye magoti mabovu walipona magoti siku hiyo. Kwa siku nne ukuta ukasimama, mvua ikaja, bwawa likajaa. Bibi akajichekea jikoni kwake: uongo mdogo, maji mengi. Kosa liko wapi?

Wazee wakarudi pangoni kushukuru. Safari hii Bibi alisimama nje pamoja nao, mikono mitupu. Pango likaunguruma.

"Vyema. Sasa nileteeni wa kunichotea maji. Namkunda."

Namkunda alikuwa mjukuu wa Bibi, wa miaka tisa, naye alikuwa amemfuata hadi pale. Na aliyeingia pango lile kutumikia hakuwahi kutoka.

"Mzee Senkondo," Bibi alisema, "ile sauti ya kwanza ilikuwa yangu. Niliwadanganya."

"Na hii?"

"Hii siijui."

"Mama, ile ilituambia tujenge, tukajenga, na maji tunakunywa. Uongo hauleti maji. Wewe unamlilia mjukuu. Hata mimi ningedanganya."

"Nitawaonyesha."

Akaenda kuuleta mtungi, akauinamia mbele yao. Hata hajafungua mdomo, mtungi ukasema, "Jengeni. Wote. Leo."

Bibi akajaribu kupiga kelele. Kooni ikatoka pumzi tu, kama upepo kwenye ufa wa mlango.

Wazee wakainamisha vichwa. Mzee Senkondo akamshika Namkunda mkono, kwa upole kabisa, akamwambia, "Twende, mjukuu wangu. Ni kwa faida ya watu wote."

Bwawa halikukauka tena. Bibi aliishi miaka mingi kando yake bila kutoa neno, akinywa maji ya mvua aliyoyakinga kwa sufuria. Wanawake waliokuja kuchota walimwamini, lakini walikuwa wamechelewa. Wakimwona, walijitwika ndoo zao haraka na kuambiana chinichini: mpa mzimu sauti hachagui neno.