Jina la Binti wa Subilaga

Nyamazeni kidogo, na wewe unayetafuna karanga, tafuna polepole. Nina kesi, na imenishinda.

Mji wetu wa Igolima, huku milimani kwenye baridi, ulifunga udugu na mji wa Felsbruck, Ujerumani. Miji dada, tukaambiwa. Dada akatuletea mashine ya kutunzia watoto njiti. Sisi tukafanyaje? Tukaifunga utepe mwekundu, tukaiweka kituo cha afya, tukamsubiri mgeni rasmi aje kuizindua. Miezi minne! Mara ana udhuru, mara ana kikao. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Adhuhuri moja ya mvua, Subilaga akajifungua binti kabla ya miezi kutimia. Kadogo, kabaridi, kupumua kwa shida.

"Mashine haijazinduliwa," mganga mfawidhi akasema. "Nitaulizwa mimi."

Sigrada, mfagizi wa kituo, kajaliwa ujasiri. Cheo cha mtu hakimtishi. Kibarua hicho ndicho kinacholisha wanawe watano. Akachukua mkasi. "Waambie ni mimi," akasema, akakata utepe.

Lakini umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Lutengano, mwenye mashine ya kusaga, kajaliwa mikono ya ufundi. Wateja wamejipanga mlangoni, wanamtukana, yeye aliposikia akasimamisha kazi, akapakia jenereta yake kwenye mkokoteni, akapanda nayo kilima kizima. Mashine ikawaka.

Ikawaka, ikaanza kupiga kelele, na maandishi yote Kijerumani! Kwenye boksi palikuwa na namba ya Bi Gisela, muuguzi mstaafu wa Felsbruck, aliyewahi kukaa kwetu akajifunza Kiswahili. Wakampigia. Huyo kajaliwa subira. Siku hiyo alikuwa anamwoza mwanawe wa pekee. "Ngojeni, natoka kanisani," akasema. Akakaa kwenye simu hadi jioni, akiwaelekeza kitufe kwa kitufe. Harusi ikapita bila yeye.

Saa kumi na moja mtoto akalia kwa nguvu. Jamani, na sisi tukalia! Mganga mfawidhi alikaa chini sakafuni akacheka peke yake. Leo binti ana mashavu.

Sasa, kwetu Igolima aliyekuokoa ndiye unayebeba jina lake, na ndiye anayekutoa nje mara ya kwanza watu wakuone.

"Nitampa majina yote matatu," Subilaga akasema.

Mama yake akakataa katakata. "Somo ni mmoja, mwanangu. Ukiwapa wote, hujampa yeyote."

Jumapili ndiyo siku yenyewe. Sigrada ameshashona kitenge. Lutengano anajifanya hajali, lakini amenyoa ndevu, na anamkumbusha kila mtu kwamba jina lake hata binti hulibeba. Bi Gisela yuko njiani anakuja.

Subilaga kaniuliza mimi, nami nimekimbilia kwenu. Wote watatu watasimama mlangoni, mikono wameinyoosha. Wewe ungemkabidhi nani mtoto?