Maneno Yaliyomkwama Hamo Msalabani

Imepokewa kutoka kwa wakongwe wa imani, kinywa kwa kinywa hadi ikatufikia, kwamba palikuwa na mji kaskazini mwa Uingereza, zama za makanisa ya mawe na vitabu vya ngozi, ambao watu wake wengi hawakujua kusoma lakini waliijua Injili kwa macho. Kila mwaka, Sikukuu ya Mwili wa Kristo ilipowadia, mafundi wa mji waliigiza maandiko barabarani juu ya magari ya kukokotwa, kila chama na sehemu yake. Waokaji walipewa Karamu ya Mwisho, maana mkate wanao. Maseremala waliunda safina ya Nuhu. Na wafua misumari, Mungu awarehemu, waliangukiwa na kazi ambayo hakuna mwingine aliyeitaka: kumsulubisha Bwana.

Katika chama hicho alikuwamo mja aitwaye Hamo, kapera, mrefu, mpole wa sauti, mwenye ndevu kama zile zilizochorwa kwenye vioo vya kanisa. Mwaka wa tauni alisimama mbele ya altare akaweka nadhiri kwamba Mola akimnusuru, hatamgusa mwanamke maisha yake yote. Akanusurika. Chama kikampa nafasi ya Kristo, na mwaka uleule tauni ikakoma. Watu wakajumlisha wenyewe, kama watu wanavyojumlisha: tauni imekoma kwa baraka za Hamo. Full stop. Mji ule ulikuwa kama waajiri wa kila zama. Ukishafanana na kazi, hakuna anayekudai cheti. Ikawa miaka saba anapanda msalabani, na akina mama wanamsogezea watoto wenye homa ili awaguse. Naye anawagusa.

Sasa sikilizeni maneno aliyokuwa akiyasema pale juu, kwa sababu kisa chote kimo humo. Watunzi wa zama zile walikuwa na jambo moja la ajabu: walipenda kumwandika Kristo kama mchumba. Walisema mikono yake imenyooshwa msalabani kwa kuwa anataka kukumbatia, kichwa kimeinama kwa kuwa anataka kubusu, na ubavu umefunguliwa uwe mlango. Mimi niliposikia haya mara ya kwanza nilishtuka. Mapenzi, pale Golgotha? Lakini ukilitafakari unaona kwamba walithubutu kwa sababu waliamini kweli. Basi mtawa mmoja alikuwa amewatungia wafua misumari maneno ya Kristo kuiambia roho ya mwanadamu:

"Usinishangae, roho mpenzi wangu. Wengine walikupenda gizani, kulipokucha wakakukana. Mimi nimekupenda mchana kweupe, juu ya kilima, na jina lako nimelitaja mbele ya watu wote."

Hapo watu walilia. Kila mwaka, bila kukosa, walilia.

Mjini humo aliishi pia mjane aitwaye Emot, mpika pombe ya shayiri, mwenye ulimi mwepesi na mkono mkunjufu. Mumewe alizikwa wakati wa tauni. Mwaka wa saba wa Hamo, majira ya kuchipua, tumbo la Emot likasema lile ambalo mdomo wake ulikuwa umelificha. Yaliyompata yeye na Hamo wakongwe hawakuyaeleza kwa urefu, nami sitawatangulia. Walipendana, wakaanguka. Mwanamke akabaki na ushahidi, mwanamume akajifanya hayumo.

Kasisi wa parokia, Padri Aldous, hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu wa kanuni, na wakati mwingine hiyo huumiza zaidi. Akamhukumu Emot kufanya kitubio kwa Jumapili tatu: azunguke kanisa peku, amevaa shuka jeupe, ameshika mshumaa unaowaka, na kila mzunguko ukiisha aulizwe mlangoni mbele ya waumini ni nani mwenzake. Jumapili ya tatu ikipita bila jina, atatengwa na Kanisa na kutolewa nje ya lango la mji, na mimba yake.

Jumapili ya kwanza Padri akauliza, "Emot, nani?"

"Mungu anamjua, Padri."

Jumapili ya pili, swali lilelile, jibu lilelile. Kisha waumini wakaungama pamoja, mea culpa, mea culpa, yaani ni kosa langu, kwa Kilatini ambacho wengi wao hawakukielewa, na pengine ndiyo sababu kilikuwa rahisi kutamkwa. Hamo alikuwa safu ya mbele, akijipiga kifua pamoja nao. Dhambi ya watu wawili, shuka moja.

Mji mzima ukageuka ofisi ya upelelezi. Kisimani, sokoni, kiwandani, hakuna kilichozungumzwa isipokuwa yule nani. Wengine walimtaja mfinyanzi, wengine mwuza kondoo wa mbali. Thurstan, mnene, mkuu wa wale askari wanne wa mchezo waliokuwa wakimfunga Hamo kamba msalabani, alisema huku akipuliza moto wa tanuru, "Ningesema ni mimi nipate sifa, ila mke wangu yuko mlango wa pili na mwiko."

Wote wakacheka. Hamo alicheka pia, ila sauti yake ilichelewa kidogo.

Sikukuu iliangukia Alhamisi, siku tatu kabla ya ile Jumapili ya mwisho. Jumatano adhuhuri Hamo alipita kwa Emot akisingizia kurudisha ndoo. Emot alikuwa anakoroga shayiri, hakuinua kichwa.

"Usiseme, Emot. Nakusihi."

"Nimesema?"

"Watu hawa wakijua, watadhani tauni inarudi. Watanipiga mawe. Watakupiga na wewe."

"Ndiyo maana nimenyamaza, Hamo. Kuna wazazi hapa wanaolala usingizi kwa sababu uligusa mtoto wao. Usingizi wao nimeubeba mimi, miguu mitupu."

"Sikukuu ikiisha nitakwenda kwa Padri. Kimyakimya."

"Kimyakimya, kama ulivyokuja." Akaacha kukoroga. "Mimi sikuombi unioe. Nina jambo moja tu linanitatiza, na naliuliza kwa kutaka kujua, si kwa ugomvi. Yale maneno unayoyasema msalabani, huwa unayasikia?"

Hamo alisimama na ile ndoo kana kwamba ameulizwa kwa lugha ngeni. Kisha akaitua ndoo mlangoni, akaondoka.

Alhamisi ikafika, na jua lake. Padri alikuwa ameagiza kwamba mwenye kitubio asimame mbele ya umati, ndani ya shuka lake, ili sikukuu imfundishe. Hivyo gari la wafua misumari liliposimama uwanjani, Emot alikuwa hatua kumi kutoka msalabani, mshumaa mkononi, na watu wameacha nafasi kumzunguka kana kwamba ana upele.

Askari wanne wakamlaza Hamo juu ya mti na kuanza vituko vyao vya kila mwaka, kwa maana watu wale walijua kwamba wauaji huwa hawana habari na wanachokifanya. Wao wanalalamikia kazi.

"Vuta, ndugu! Mkono haufiki kwenye tundu!"

"Tundu umetoboa wewe, umelewa!"

"Inueni basi. Lo! Mwokozi wa mwaka huu amenenepa."

"Nyamaza, Thurstan, hilo halimo."

Watu wakacheka, msalaba ukasimama, kicheko kikafa. Hamo akainua macho. Akaanza kwa ile sauti yake, na wanawake wakashika leso tayari.

"Usinishangae, roho mpenzi wangu. Wengine walikupenda gizani..."

Akanyamaza.

Mwanzo watu walidhani ni ufundi wa mwigizaji. Kimya kikarefuka. Thurstan, chini ya msalaba, akamnong'oneza, "Kulipokucha wakakukana."

Thurstan akapaza sauti.

"Kulipokucha wakakukana! Hamo! Mimi nimekupenda mchana kweupe! Endelea, bwana, jua linatuchoma!"

Pale juu Hamo aliona kila uso wa mji wake, na uso mmoja uliokuwa hautazami juu. Wanasema alijaribu tena mara mbili, midomo ikafunguka na kufungika. Kisha akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya mchezo:

"Siwezi kuyasema haya. Mimi ndiye niliyependa gizani. Mtoto wa Emot ni wangu. Nimevunja nadhiri yangu, nikamwacha atembee peke yake huku nikimtazama. Nishusheni."

Hakuna aliyesogea. Bwana mmoja mzee aliuliza jirani yake kama hayo nayo yameongezwa mwaka huu. Ndipo mwanamke mmoja akapiga ukelele, "Mwanangu ulimgusa kwa mikono hiyo!"

"Nilimgusa, mama. Aliyemponya si mimi. Haijawahi kuwa mimi."

"Tauni itarudi!" sauti nyingine ikapaa, na kweli kuna mkono uliookota jiwe. Hamo alikuwa amefungwa kamba viganja na miguu, hana pa kukimbilia. Thurstan akapanda juu ya gari, akasimama mbele yake na kitambi chake chote.

"Arusheni," akasema. "Mimi ni mpana. Lakini aanze yule ambaye huyu hajamzidi kwa kusema kweli leo."

Padri Aldous akanyanyua mkono. Jiwe likaanguka lenyewe.

Wakamshusha. Hamo alikwenda moja kwa moja kwa Emot, na rangi nyekundu ya damu ya bandia inamtiririka ubavuni. Umati ukanyoosha shingo: atapiga magoti? Atalia? Emot akamnyooshea mshumaa.

"Umechelewa Jumapili mbili," akamwambia. "Shika huu mshumaa. Nta imeniunguza vidole."

Akaushika.

Jumapili ile ya tatu walizunguka kanisa wawili, mashuka mawili, na mlangoni Padri hakuuliza kitu. Emot hakutolewa nje ya lango la mji. Hamo alipelekwa mbele ya askofu kwa ajili ya nadhiri, akapewa mwaka mzima wa kitubio kabla ya kufunguliwa nadhiri hiyo, na Emot akamwambia kwamba na yeye atafikiri juu ya kuolewa naye kwa huo mwaka mzima, asimharakishe. Alifikiri, kisha akakubali. Mtoto alikuwa wa kike. Tauni haikurudi mwaka huo. Msalabani wakampandisha Thurstan, aliyesahau nusu ya maneno, na hakuna mama aliyemletea mtoto wa kugusa. Wakaanza kuwapeleka watoto wao kwa Mungu mwenyewe, na imani ya mji ikapata afya.

Wakongwe waliotusimulia hawamwiti Hamo mtakatifu. Wanamwita mkweli, halafu wanaongeza: mkweli aliyechelewa. Katika sala zao wanamwombea Emot kwanza, kwa subira yake.

Nasi tumeachiwa kutafakari. Mola hakuhitaji kuambiwa jina lile mlangoni pa kanisa. Basi swali linapoulizwa mbele ya waumini, tusiwe wepesi kudhani kwamba anayeulizwa ni yule aliyesimamishwa mbele. Huenda anayengojewa kujibu ameketi katikati yetu, amevaa vizuri, na anaimba zaburi bila kukosea hata neno.