Fundi Kiraka na Paa la Nandagala

Anayeshika vitu viwili kwa mkono mmoja hana budi kukiachia kimoja, na mara nyingi kinachoanguka ni kile alichokipenda zaidi. Waliotutangulia waliliona hilo zamani wakatuachia methali. Lakini binadamu ni kiumbe wa ajabu. Methali huisikia, akaitikia kwa kichwa, kisha akaenda kuijaribu mwenyewe. Ndivyo alivyofanya Isihaka.

Isihaka alikuwa kijana wa Nambambo, mcheshi na mwepesi wa mikono. Mpango wa Waingereza wa kulima karanga ulipoingia Nachingwea na matrekta yake, aliajiriwa kung'oa visiki, na haukupita muda akawa anafungua injini na kuzifunga. Huko huko akajifunza useremala, kushona kwa cherehani, kunyoa, kupika wali wa shughuli na kupiga ngoma kubwa ya beni, ule mchezo wa ngoma na gwaride. Watu walimtafutia majina mpaka wakachoka. Wapo waliomwita hodari wa kila fani, wapo waliomwita mtu wa mikono mingi, na akina mama wa sokoni wakamwita Kiraka, kwa kuwa popote palipotoboka yeye ndiye aliyeziba. Jina hilo la mwisho alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Akiitwa Kiraka alikuwa hawezi kukataa. Neno "siwezi" lilikuwa halijawahi kupita kinywani mwake.

Mpango wa karanga ulipopunguza watu, Isihaka alihamia Nandagala, upande wa Ruangwa, kwa sababu moja tu. Sababu hiyo iliitwa Zaina. Kwa Wamwera wa huko, mwanamume anayeoa ndiye anayehamia kwa wakwe, na mwenye kauli juu ya binti ni mjomba wake. Mjomba wa Zaina alikuwa Mzee Mohamedi, mtu mpole wa sauti lakini mgumu wa neno kama mpingo.

"Nasikia unajua kila kazi," alimwambia Isihaka.

"Nyingi, Mjomba."

"Mimi nataka moja. Mjengee Zaina nyumba jirani na mama yake. Mvua ya kwanza ikikuta paa limefungwa, tutafunga ndoa. Ikilikuta wazi, utarudi kwenu Nambambo."

Isihaka alicheka moyoni. Alisimamisha nguzo, akakandika kuta, akapaua, na nyasi zikaletwa. Kuezeka huanzia chini ukingoni, mtu akapanda tabaka juu ya tabaka, na mgongo wa paa hufungwa mwisho. Mgongo usipofungwa, tabaka zote hizo ni pambo tu.

Taabu ni kwamba kila alipopanda, mtu alimwita kutoka chini. Leo ni Bi Biasha, cherehani yake imekwama. Kesho ni wazee wa jando, vijana wanatoka na hakuna wa kuwanyoa. Kesho kutwa ni Saturnini wa misheni, baiskeli imekatika mnyororo. Isihaka alishuka kila mara, tena kwa furaha, na kazi yake mwenyewe ikawa inakwenda mwendo wa kinyonga.

"Hawa watu hawana mikono?" Zaina alimwuliza siku moja alipomletea togwa.

"Wanayo. Wamezoea yangu."

"Na wewe umezoea kuitwa," Zaina alisema. Alisema kwa upole, lakini neno lilimchoma.

Hatimaye ukabaki mgongo peke yake. Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa yametanda, na Isihaka alikuwa juu ya paa Shaban alipofika. Shaban ndiye aliyekuwa mkubwa wa beni ya Ruangwa.

"Kiraka, mchana tunashindana na beni ya Nachingwea pale Ruangwa. Bila ngoma yako tumekwisha."

Isihaka aliyatazama mawingu, akautazama mgongo. Nitapiga kidogo, alijiambia, nirudi jioni nifunge. Akashuka.

Beni ya Ruangwa ilishinda. Watu walimbeba Isihaka mabegani wakiliimba jina lake, na akiwa huko juu, tone la mvua likamwangukia shavuni. Aliruka chini, akapanda baiskeli, akakanyaga kama mwendawazimu mpaka Nandagala. Alimkuta Mzee Mohamedi ameketi kwenye kigoda katikati ya ile nyumba mpya, maji yakimchuruzika kutoka kwenye kofia.

"Karibu ndani," mzee alisema. "Ingawa leo ndani na nje ni kitu kimoja."

Isihaka alilia mbele ya mkwe wake, wala hakujificha. Alisema amekosa, akageuka aende zake.

"Mjomba," Zaina alisema kutoka mlangoni, "ulisema arudi kwao. Hukusema asije tena."

Mzee Mohamedi aliangua kicheko mpaka kofia ikamdondoka. "Haya. Kiangazi kijacho aje. Nyasi hizi zitakuwa zimeoza, aanze upya."

Kiangazi kikafika, na Isihaka akaja. Bi Biasha alipomwita, alimjibu kutoka juu, "Siwezi, mama." Mara ya kwanza neno lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, lakini baadaye lilizoea njia. Kisha Shaban akaja tena na habari ya mashindano.

"Siwezi, Shaban. Nafunga mgongo."

"Basi tutamchukua Dastani. Na ngoma akiishika yule, wewe huipati tena."

Moyo ulimuuma Isihaka, maana ngoma aliipenda kwelikweli. Alikaza kamba. "Mchukueni," alisema.

Mvua ikaja kwa fujo, na ndani ya nyumba halikudondoka hata tone. Siku ya harusi, beni ya Ruangwa ilikuja kusherehekea. Dastani aliipiga ngoma kubwa mpaka wazee wakanyanyuka kucheza, na umati ukapiga kelele, "Dastani! Dastani!" Hakuna aliyemkumbuka Kiraka.

"Inakuuma?" Zaina alimnong'oneza.

"Inaniuma," Isihaka alikiri. "Lakini mwaka jana nusura uniponyoke wewe. Safari hii nimechagua mwenyewe."

Zaina alicheka, akamvuta wakacheze pamoja na wengine. Naam, mshika mbili moja humponyoka.