Jina Moja kwenye Kamusi ya Mwalimu Mwantumu

Sogezeni vigoda, na mwenye karanga azimalize sasa hivi, maana nina kesi na mahakimu ni nyinyi. Sisi watu wa Handeni hatujisifu ovyo, lakini kwa hili mtanisamehe.

Palikuwa na majirani watatu. Kidawa, fundi wa vyerehani, alijaliwa masikio: baiskeli ikipita alijua nati ipi imelegea. Hizza, mfuga nyuki, alijaliwa subira, tena subira ya kukera. Nyange, fundi simu wa stendi, alijaliwa mikono; skrubu ndogo kuliko punje ya mchele ilimtii.

Karibu nao aliishi Mwalimu Mwantumu, mstaafu, ambaye kwa miaka tisa alikuwa akiandika kamusi ya Kizigua kwenye laptopu yake. Maneno mia tatu ya humo alipewa na marehemu mama yake, na hayakuandikwa popote pengine. Mchapaji aliitaka kamusi Ijumaa. Jumatatu laptopu ikawa nzito: unaiwasha, unachemsha chai, unakunywa, unaosha kikombe, bado haijafunguka.

Nyange alifika kwanza, akabonyeza mara mbili tatu. "Mwalimu, hapa dawa ni kupiga window upya."

Kidawa, aliyekuja kuomba chumvi, akamdaka mkono. "Weee! Si utafuta kila kitu? Hebu nyamazeni." Akatega sikio. "Kuna kitu kinakwaruza. Diski inakufa hii. Mwalimu, shikamoo, na mbona umeifunga kanga?"

"Marahaba. Isiingie vumbi, mwanangu."

Kumbe Mwalimu, kwa heshima aliyoipa mashine ile, aliifunga kanga hata ikiwa kazini, na matundu yote ya hewa yakaziba. Kidawa akaivua kanga. Bila masikio yake, miaka tisa ingefutwa kabla ya adhuhuri.

Hizza akaketi na flashi ili kuhamisha kamusi. Kila baada ya dakika kumi diski ilikwama. Anaizima, anaiacha ipoe, anaiwasha, ananakili kidogo. Herufi A, kisha B, hivyo hivyo siku mbili nzima. Sisi wengine tulikata tamaa kwenye M.

"Nyinyi nendeni mkale," alisema. "Mimi nipo."

Jumatano alasiri akatoa flashi, akamkabidhi Mwalimu kwa mikono miwili. Bila subira yake, maneno ya mama yangezikwa mara ya pili.

Lakini kazi ilikuwa bado haijaisha, na Mwalimu haoni vizuri. Kibodi yake ameibandika herufi kubwa za karatasi, na kwenye kompyuta nyingine anapotea kabisa. Nyange, aibu ikiwa bado usoni, akaifungua laptopu, akapiga brashi vumbi, akatoa diski iliyokufa na kuweka mpya, zile zisizozunguka, zawadi ya wanafunzi wa zamani. Ikabaki RAM, ile kumbukumbu inayoipa mashine wepesi. Ilikuwa ndogo mno, na ya aina ile haikupatikana duka lolote. Nyange akaenda kwake, akafungua kompyuta anayohariria video za harusi, akaichomoa ya humo.

"Na yako je?" Mwalimu akauliza.

"Itajikongoja, Mwalimu. Washa."

Laptopu ikafunguka kabla Mwalimu hajavaa miwani. Nililia, na sioni haya kusema.

Sasa sikilizeni. Katika kamusi ile kila neno lina sentensi ya mfano, na kila sentensi ina jina la mtu wa hapa kwetu. Jina moja tu, Mwalimu hakubali msururu. Alhamisi jioni lilikuwa limebaki neno moja, lenye maana ya fundi wa kweli. Atakayeandikwa hapo, vitukuu wake watamsoma darasani. Wote watatu wakawa wanaangalia sakafu, kila mmoja akijifanya hajali.

Mwalimu akaweka vidole kwenye kibodi, akanigeukia. "Haya baba, niandike nani?"

Mimi? Kidawa ni mke wangu. Nikimtaja, mtasema napendelea. Nisipomtaja, chakula cha jioni nitakiona kwa jirani. Basi kesi nawaachia nyinyi, na mashine siku hizi haimpi mtu muda wa kuchemsha chai: kama vidole vile vingekuwa vyako, ungeandika jina la nani?