Nguo Usiiulize Jina

"Nguo usiiulize jina, iulize uzi." Leo asubuhi mmemsikia afisa wa dirishani akimwambia mwenzenu Sifuni hivyo huku akimrudishia makaratasi, nanyi mmecheka. Mngejua methali hii ilianzia kwenye jasho langu, msingecheka.

Nilikuwa wakala mpya wa forodha hapa mpakani, na leseni yangu ilikuwa haijamaliza hata miezi miwili. Mteja wangu wa kwanza alikuwa Bi. Eliwaza, mfumaji wa sweta aliyeagiza sare za shule kutoka nje. Ilikuwa Ijumaa. Shule ilikuwa ifunguliwe Jumatatu, na mwalimu mkuu alikwisha kumwambia kwamba sare zisipofika, kazi ile atapewa mwingine.

Sasa, kitabu cha ushuru kina tabia zake. Nguo ya vitanzi vya uzi, kama sweta na soksi, ina sura yake humo kitabuni. Ile ya nyuzi zilizopishana, kama kanga na kaki, ina sura nyingine. Karatasi za muuzaji zilisema "mashati", nami shati nililolijua ni la kaki. Nikaandika sura ya kaki, nikatia sahihi. Robota la nguo sikulifungua. Haraka haraka haina baraka, lakini nani angeniambia siku ile?

Afisa wa zamu, Bi. Kibena, alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alichana robota, akatoa nguo moja yenye kola, akaivuta upindoni. Ikanyumbuka.

"Wakala, hili ni shati gani?"

"Ni shati tu, afisa. Karatasi ndivyo zinavyosema."

"Sijaziuliza karatasi. Nimekuuliza wewe."

Nilijua akiandika kwamba nimedanganya, mzigo utazuiliwa kwa majuma na leseni yangu itakwenda. Nilijua pia kwamba nimekosea. Lakini ulimi uliogopa kuliko mimi, nikarudia, "Ni mashati, afisa. Mashati ya kawaida." Akachukua kalamu.

Hapo Bi. Eliwaza, aliyekuwa amekaa kimya kwenye benchi, akainuka. Alitoa mkasi mkobani, akaichukua ile nguo, nguo yake mwenyewe, akakata upindo. Kisha akavuta uzi. Ukaja wenyewe, kitanzi baada ya kitanzi, na nguo ikaachia mistari mpaka kifuani.

"Nimefuma miaka ishirini," akasema. "Hii imefumwa kwa vitanzi, kama sweta. Mwanangu, nguo usiiulize jina, iulize uzi."

Nilimtazama nisiamini. Mwenye mzigo ndiye aliyenitia kitanzini! Bi. Kibena akasimamisha kalamu.

"Unasemaje, wakala?"

Nami sioni haya kuwaambia nilichojibu. "Nimekosea, afisa. Sikufungua robota."

Akasukuma fomu mpya upande wangu. "Ungesema 'mashati' mara ya tatu, ningeandika uongo. Sasa naandika kosa. Sahihisha."

Mzigo ulitoka jioni ile ile. Nje ya lango nilimuuliza Bi. Eliwaza kwa nini alihatarisha sare zake zote.

"Yule mama alishaishika ile nguo, mwanangu," akajibu. "Mkono wake ulikwisha kujua. Aliyekuwa hajajua bado ni wewe tu."

Ndiyo maana hapa mpakani tunasema: nguo usiiulize jina, iulize uzi.