Msichana Aliyeambiwa Hana Kosa

Hii nimetumiwa asubuhi na shemeji yangu. Nimeisoma mara mbili na imenitia uchungu, nikaona siwezi kukaa nayo peke yangu. Isome taratibu mpaka mwisho.

Kulikuwa na mwalimu mmoja, Mwalimu Shemhilu, aliyefundisha sataranji, yaani chesi, katika shule moja ya milimani, huko kwenye baridi na ukungu. Hakupenda wanafunzi wakariri. Kila mmoja aliandika daftarini kila hatua aliyocheza, na mchezo ukiisha mwalimu aliurudia mwanzo hadi mwisho, akiupima kwa kanuni tatu alizoziandika ukutani: Toa kete zako zote kabla ya kushambulia. Mfiche mfalme wako mapema. Usimtume malkia vitani peke yake.

"Hapa umevunja kanuni ipi?" aliuliza katika kila hatua, na aliyeulizwa hakuondoka mpaka ajibu.

Njia nzuri kabisa, siwezi kuisema vibaya. Ila alikuwa na desturi moja ambayo mimi, kusema kweli, imenikera. Mchezo ukiisha alisema, "Aliyeshinda akanywe chai. Aliyeshindwa abaki." Kwake yeye, mshindi hakuwa na la kusahihishwa.

Basi alikuwapo msichana aitwaye Siwema, aliyeshinda tangu wiki ya kwanza. Alimtoa malkia mapema, peke yake, akawafanyia wenzake fujo mpaka wakababaika na kupoteza kete ovyo. Dakika kumi, kwisha. Siwema huyoo, kwenye chai.

Alikuwapo pia Mboni, msichana mpole, mzito wa kuelewa, aliyeshindwa karibu kila siku. Kwa hiyo Mboni alibaki karibu kila siku. Wenzake walimtania, "Wewe hamia humo humo darasani, tutakuletea godoro!"

Ikapita miaka mitatu. Mama yake Siwema, mjane aliyeishi kwa vibarua vya kulima, kila akikutana na mwalimu njiani aliuliza, "Mwalimu, mwanangu anaendeleaje?"

"Siwema? Mama, huyo hana kosa."

Mwaka wa mwisho, shule kubwa ya bweni ikatangaza kwamba itamsomesha bure mchezaji bora wa sataranji wa shule yao. Nafasi ilikuwa moja tu. Kwa Siwema ilikuwa ndiyo shule au basi, kwa sababu akikosa angepelekwa kwa shangazi yake kulea watoto. Mama yake alikwishaanza kumshonea sketi ya sare. Jamani, sketi!

Wakashindanishwa wote, na mwisho wakabaki wawili, Siwema na Mboni.

Siwema akamtoa malkia katika hatua ya tatu, kama kawaida yake. Mboni hakubabaika. Akatoa farasi wake mmoja, malkia akakimbia. Akatoa wa pili, malkia akakimbia tena. Akamficha mfalme wake. Kila malkia alipokimbia, Mboni alipata nafasi ya kutoa kete nyingine, huku za Siwema zimelala palepale zilipopangwa. Hatua ya kumi na nne malkia akakamatwa. Kufikia ya ishirini na mbili, mfalme wa Siwema hakuwa na pa kwenda.

Siwema hakulia. Aliuliza tu kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nimekosea wapi?"

Mwalimu akaanza kukusanya kete.

Watoto walipotawanyika, alifungua kabati akatoa madaftari ya Siwema, yote ya miaka mitatu, akayasoma kwa mara ya kwanza. Malkia peke yake. Mfalme wazi. Kete zimelala. Kosa lilikuwa moja, lilelile, ukurasa baada ya ukurasa, tangu ile wiki ya kwanza. Na chini ya kila mchezo palikuwa na alama ya vema, kwa wino mwekundu, kwa mkono wake mwenyewe.

Siku mbili baadaye aliyabeba kwapani akaenda kwa mama Siwema. Akaambiwa mtoto ameshaondoka na basi la asubuhi kwenda kwa shangazi.

"Mama, nimekuja kuomba radhi," alisema. "Makosa yake yalikuwamo humu siku zote."

Mama akapokea daftari moja, akalifungua. Kusoma hakujua vizuri, lakini wino mwekundu aliuona.

"Hii alama maana yake nini, Mwalimu?"

"Maana yake... ni sahihi."

"Uliangalia kabla ya kuitia?"

Mwalimu akainamisha kichwa. "Sikuangalia, mama. Alikuwa ameshinda."

Mama akalifunga lile daftari, akamrudishia. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Mtoto wa mwenzangu ulimfundisha," akasema. "Wangu ulimsifu."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Kama unamjua mzazi, mwalimu au msimamizi wa kazi mwenye mtu anayemsifu kila siku, mpelekee hii leo, maana kesho huenda akawa amechelewa.

Funzo: Anayeshinda naye ana makosa yake. Ukimsifu bila kumkagua umemnyima mafunzo, na siku atakapoyajua makosa hayo itakuwa ndiyo siku isiyo na marudio.