Alichokishika Kakakuona

Mtu mmoja alikuwa na bustani ya wanyama katikati ya mji, na jina lake Shebughe. Hakuwa mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu mbele ya safari mtataka kumchukia, nami sitaki mpate nafuu kwa njia hiyo. Wanyama wake walikuwa wanene, mabanda yalifagiliwa kila asubuhi, na getini aliweka ubao wenye maandishi makubwa: HAPA WANYAMA HUZAA. Nao walizaa kweli. Nungunungu walizaa, swala walizaa, hata chui mmoja aliyeletwa akichechemea alizaa. Aliyebaki ni kakakuona. Mnyama huyu hazai kirahisi mahali penye ukuta. Majike wawili walishamfia Shebughe kabla hawajamaliza mwaka. Alipompata wa tatu akaagiza dume kutoka mbali, dume akakaa miezi miwili, naye akafa. Jike akabaki peke yake, na Shebughe akawa anamwombea kama mtu anavyomwombea binti yake aliyekaa miaka bila mtoto.

Aliyemtunza jike huyo aliitwa Ndomba, mtu wa maneno machache. Kakakuona hali chakula cha kununua. Anataka mchwa, tena awachimbue mwenyewe. Basi kila alfajiri Ndomba alipanda baiskeli mpaka nje ya mji, akavunja kichuguu, akarudi na mabonge yake ndani ya gunia, udongo na mchwa pamoja. Jioni, wageni wakishaondoka, aliweka kiganja juu ya magamba ya yule jike, naye akajikunjua, wakatembea wawili polepole nyuma ya stoo, mmoja akichimba na mwingine akimsubiri. Hakuna mgeni aliyeyaona matembezi hayo. Miezi ikapita. Jike akaanza kula mara mbili ya alivyozoea, halafu siku moja akagoma kutoka. Alijikunja kwenye kona ya banda, kichwa ndani, mkia juu, magamba yamefunga pande zote. Ndomba akaacha mabonge ya mchwa karibu naye na kuondoka akinyata.

Sasa, pale getini palikuwa na sanduku la maoni. Kila Jumatatu Shebughe alilifungua na kusoma karatasi zote mbele ya wafanyakazi wake, na tuseme haki, sanduku lile lilikuwa limemsaidia. Ni karatasi hizo zilizomfanya awatoe simba kwenye sakafu ya saruji akawapa nyasi. Kwa hiyo aliliamini. Wiki zile karatasi karibu zote zilihusu kakakuona. Tumeonyeshwa jiwe, waliandika. Mnyama mvivu na mtunzaji wake mvivu. Mmoja alisema wanaojisifu kwamba wanyama huzaa waanze kwanza kwa kuwaamsha. Na mwingine aliandika hivi: Tumelipa kiingilio, mwamsheni. Huyo wa mwisho ni mimi ninayewasimulia. Nilisimama mbele ya banda lile muda wa kumaliza kifuko cha karanga, na kwa muda huo nikajiona ninatosha kutoa hukumu.

Mjue pia kwamba mwaka ule mvua za vuli zilikuwa zimekataa. Na mnaijua desturi. Kakakuona akionekana, watu humwekea unga upande mmoja, maji upande wa pili, panga upande wa tatu, kisha wanamwangalia anaelekea wapi. Akienda kwenye unga ni mwaka wa shibe. Akienda kwenye maji ni mafuriko. Akienda kwenye panga, watu hurudi nyumbani kimya. Wageni walikuwa wakija bustanini na unga mfukoni, wakarudi nao. Shebughe akaona njia ya kuwaridhisha wote kwa mara moja. Akatangaza kwamba siku ya mwaka mpya kakakuona atafunguliwa hadharani, na mwaka utajulikana.

Watu walikuja wengi kuliko siku yoyote. Mimi nilikuwepo, nimewaleta wanangu. Unga uliwekwa, maji yakawekwa, panga likawekwa. Vijana watatu wakaingia bandani, wakamvuta yule jike ili ajikunjue, wakashindwa. Kadiri walivyovuta ndivyo alivyozidi kufunga. Watu wakaanza kupiga miluzi. Shebughe akamwita Ndomba. Ndomba akaja akasimama karibu naye, akasema kwa sauti ya chini,

“Bosi, huyu halali. Kuna kitu amekishika.”

Shebughe alimsikia. Alimwangalia Ndomba, akauangalia umati, kisha akasema afanye taratibu, ni dakika chache tu, halafu mnyama arudishwe kwenye kona yake. Ndomba hakusema neno la pili. Aliingia, akawatoa wale vijana, akapiga magoti na kuweka kiganja chake juu ya magamba kama alivyofanya kila jioni. Na yule jike, ambaye nguvu za wanaume watatu hazikumfungua, akaijua harufu ya mkono ule. Akadhani wakati wa kutembea umefika. Akajikunjua.

Mtoto akadondoka kwenye saruji. Alikuwa mdogo wa kuenea kiganjani, magamba yake laini kama kucha za mtoto mchanga, na alidondokea upande wa unga. Umati ukalipuka. Wanawake wakapiga vigelegele, watu wasiojuana wakakumbatiana, nami nikambeba mwanangu mabegani ili aone vizuri. Mwaka wa shibe! Kelele zile zilimtia mama yule kiwewe. Alikimbia kwenye kona na kujikunja tena, safari hii mtupu. Ndomba alimchukua mtoto akamweka ubavuni mwa mama yake, akaweka kiganja juu ya magamba, akangoja. Alingoja mpaka watu wote wakaenda nyumbani. Yule jike hakujikunjua.

Kwa siku tatu Ndomba alimdondoshea mtoto yule maziwa ya mbuzi kwa pamba. Siku ya nne hapakuwa na wa kudondoshewa. Jumatatu ilipofika sanduku likafunguliwa, nalo lilikuwa limejaa pomoni. Hongereni kwa uzazi. Bustani bora kuliko zote. Hatimaye tumeona kitu. Shebughe alisoma karatasi nne au tano, sauti yake ikaenda ikififia, akaziweka chini. Mtoto waliyemsifu alikuwa ameshazikwa nyuma ya stoo. Akamuuliza Ndomba, mbele ya wenzake wote, kwa nini hakukazania siku ile.

“Nilisema mara moja, bosi,” Ndomba akajibu. “Mara ya pili nilikumbuka wanavyoniandika.”

Wala wawili hao hawakugombana. Ingekuwa afadhali wangegombana. Shebughe aliung'oa ule ubao wa getini kwa mikono yake mwenyewe, na Ndomba akaendelea kwenda na baiskeli kila alfajiri kuvunja vichuguu, kwa sababu mnyama alikuwa bado anahitaji kula.

Ningependa kuwaambia kwamba tuliadhibiwa. Hatukuadhibiwa. Masika yalinyesha vizuri, mahindi yakakomaa, maghala yakajaa, na mpaka leo mjini kwetu wanasema kakakuona yule alisema kweli. Nilirudi bustanini mwezi wa sita, mahindi yakiwa tayari nyumbani kwangu. Banda lilizungukwa na watu wenye furaha, maana sasa mnyama alionekana. Hajikunji tena. Anatembea mchana kutwa juani, kutoka ukuta huu hadi ukuta ule, na akifika mwisho anageuka. Mama mmoja aliyekuwa kando yangu alisema jinsi alivyochangamka. Ndomba alikuwa amesimama mbali, mikono nyuma, kwa sababu akisogea tu yule jike huacha chakula na kukimbia. Nilitaka kumwendea nimwambie kwamba karatasi mojawapo ilikuwa yangu. Nilishindwa. Namwambia leo, kupitia ninyi, na najua kwamba hatasikia.

Ndugu zangu, waliomvuta kwa nguvu hawakumdhuru, na sisi tuliopiga miluzi hatukuweza hata kumgusa. Yuko mtu nyumbani kwako ambaye amelishika jambo lake kifuani, jambo ambalo bado halijapata magamba magumu: pengine ni huzuni, pengine ni toba ambayo ndiyo kwanza imezaliwa. Watu wa nje hawawezi kumfungua. Wewe unaweza, kwa kuwa kila jioni ulitembea naye. Basi nakuuliza, na usinijibu mimi: ni nani aliyejikunjua kwa sababu mkono ulikuwa wako, nawe ukamwonyesha watu?